Mpira na afya ya akili ya vijana: tatizo liko benchi

Kijana aliyezidiwa na mawazo hunufaika na timu kwa njia mbili: mwili ukichoka usingizi huja kirahisi, na kuna wenzake wanaouliza aliko asipotokea. Hii ya pili ndiyo makocha wa mitaani huiharibu. Wakishanusa kombe, hupanga wale wale 11, na aliyeihitaji timu kuliko wote anamaliza msimu akilinda mabegi.

Vijana wakiwa 24, wagawe timu nne za watu sita, viwanja viwili vya mita 30 kwa 20, mechi za dakika nane, kisha wabadilishane wapinzani. Kwenye sita hakuna pa kujificha. Mpira utamfikia tu. Timu zipange mwenyewe mapema. Ukiwaachia manahodha wachague, anayebaki mwisho ni yule yule kila jioni, na wote wanamtazama.

Kigoma jua huzama karibu saa 1 usiku, kwa hiyo kuanzia saa 11 hadi 12 jioni kunawafikisha nyumbani kungali na mwanga. Ila saa hiyo wasichana wengi wako kwenye maji na mapishi. Waulize wao kwanza ndipo upange ratiba ya netiboli.

Adhabu ya kukimbizwa raundi kwa kuchelewa iachwe kabisa. Asiyelala usiku ndiye anayechelewa, ukimwadhibu, harudi.

Weka daftari la mahudhurio. Kijana akikosa mara mbili mfululizo, mwenzake apite kwao. Ukiona amejitenga, hali chakula vizuri au amekuwa mkali kwa wiki mbili hivi, zungumza naye pembeni ya uwanja, mnapoonekana, si chumbani: "Siku hizi nakuona kimya, kuna nini?" Kisha nyamaza umsikilize. "Jikaze, wewe mwanaume" humfunga mdomo.

Akitaja kufa, hapo mazoezi hayatoshi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake wala usimwahidi siri. Mjulishe mzazi, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kigoma, Maweni. Simu ya mtoto, namba 116, hupigwa bure. Kama nyumbani ndiko anakoumizwa, anza na afisa ustawi wa jamii kabla ya kwenda kwa wazazi.