Pedali ya Breki Kuwa Laini Baada ya Kufanya Matengenezo Nyumbani: Namna ya Kutafuta Chanzo

Kubadilisha pedi za breki nyumbani kumekuwa jambo la kawaida, kwa sababu vipuri vinapatikana kwa urahisi, na mwenye gari anayeangalia kwa makini jinsi kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, inavyofunguliwa na kurudishwa anaweza kuifanya kazi hiyo kwa usahihi. Swali ambalo idara yetu ya mafunzo ya ufundi wa magari huulizwa huja baada ya kazi kumalizika: magurudumu yamefungwa, gari limeshushwa kwenye jeki, lakini pedali ya breki inazama karibu na sakafu, au inashika pale tu inapokanyagwa mara mbili tatu mfululizo. Wengi huamua kuendelea na safari kwa maelezo kwamba ukiipampu inashika. Tunasema bila kusita kwamba pedali inayohitaji kupampiwa ni breki mbovu, na gari lenye hali hiyo lisitoke getini hata kama gereji iko mtaa wa pili. Mtoto akikatiza barabara ghafla, dereva hupata nafasi ya kukanyaga mara moja tu.

Breki za magari madogo hufanya kazi kwa mafuta yaliyofungiwa kati ya mguu wa dereva na magurudumu. Pedali husukuma pistoni zilizomo ndani ya pampu kuu, ile ambayo mafundi huiita masta silinda, nayo hupeleka msukumo kupitia mabomba ya chuma na hozi za mpira hadi kwenye kalipa za diski au pampu ndogo za ngoma. Mafuta hayo karibu hayabanwi kabisa, kwa hiyo msukumo wote hufika. Hewa hubanwa, na kwa kuwa pistoni za kalipa husogea umbali mdogo sana kabla pedi hazijaigusa diski, hewa kidogo tu iliyonasa hutosha kumaliza safari yote ya pedali.

Kabla ya kushuku hewa, iko sababu moja isiyo na hatari yoyote ikifahamika mapema. Ili pedi mpya zipate nafasi, pistoni ya kalipa hurudishwa ndani, na baada ya kufunga huwa mbali na pedi. Kanyaga pedali taratibu mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe injini na kuliondoa gari. Ikiwa hukufungua bomba wala hozi yoyote, na pedali imekuwa ngumu na kubaki hivyo, hakuna haja ya kutoa upepo, yaani kuondoa hewa iliyonasa kwenye mafuta ya breki.

Isipobaki ngumu, mguu wenyewe utakueleza pa kuanzia. Zima injini, kanyaga mara kadhaa ili kumaliza nguvu iliyobaki kwenye busta, kifaa kinachouongezea nguvu mguu wa dereva, kisha kanyaga kwa uthabiti na ushikilie. Pedali inayodunda chini ya mguu, kama pampu ya baiskeli iliyozibwa mdomo kwa kidole, ina hewa ndani ya mafuta. Pedali inayokwenda chini mara ya kwanza na kupanda juu ikiwa ngumu mara ya pili mara nyingi inaonyesha nafasi iliyozidi kwenye magurudumu. Pedali inayokuwa ngumu kisha kuzama polepole ukiwa umeishikilia inaonyesha kwamba mafuta yanatoroka, ama nje kwenye maungio, ama ndani ya pampu kuu kwa kupita pembeni ya raba zilizochoka. Ukiwasha injini huku umekanyaga, pedali itashuka kidogo kwa sababu busta imeanza kusaidia. Huo si ubovu.

Hewa ndiyo chanzo cha mara kwa mara kwa aliyefungua hozi, kalipa au pampu. Utaratibu wa watu wawili unatosha: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine analegeza nipo ya kutolea upepo, skrubu ndogo yenye tundu iliyo kwenye kalipa au pampu ndogo ya ngoma, yenye mpira ulioingizwa kwenye chupa ya mafuta safi, anaifunga, na ndipo wa kwanza anapoachia pedali. Mguu ukiachia kabla nipo haijafungwa, hewa hunyonywa upya na kazi yote hurudi mwanzo. Chombo cha mafuta cha juu nacho kisiachwe kikashuka chini ya alama ya MIN. Anayetumia pampu ya kunyonya asishtuke akiona viputo visivyokwisha, kwa kuwa hewa hupenya kwenye nyuzi za nipo iliyolegezwa na kuonekana kana kwamba inatoka ndani ya mfumo.

Yako makosa mawili ambayo hayaondoki hata ukitoa upepo kutwa nzima. La kwanza ni kalipa ya kulia kufungwa kushoto na ya kushoto kulia. Kalipa hizo hufanana, bolti zake huingia bila shida, lakini nipo inakuwa chini badala ya juu, na hewa, ambayo hupanda juu daima, inabaki imenasa sehemu ya juu ya kalipa. Chungulia kila gurudumu: nipo lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya chumba cha mafuta. Kosa la pili huwapata wenye Hilux, Hiace na magari mengine ya mizigo yenye vali ya kupima uzito kwenye ekseli ya nyuma. Magurudumu ya nyuma yakining'inia, vali hiyo hudhani gari halina mzigo na hupunguza mafuta yanayokwenda nyuma, kwa hiyo ekseli iwekwe juu ya stendi ili ibebe uzito wakati wa kutoa upepo. Baadhi ya vali hizo zina nipo yake yenyewe, ambayo husahaulika.

Kuhusu gurudumu la kuanzia, tahadhari moja inahitajika. Maelekezo mengi yanayotoka Marekani husema uanze na gurudumu la nyuma kulia, kwa sababu usukani wao uko kushoto na pampu kuu iko upande huo. Kwa magari yenye usukani wa kulia, yaliyo mengi Tanzania, Kenya na Uganda, gurudumu la mbali zaidi na pampu kuu kwa kawaida ni la nyuma kushoto. Hata hivyo magari yenye mfumo wa breki uliogawanywa kimshazari yanaweza kuwa na mpangilio wake, na kitabu cha gari husika ndicho cha kufuata.

Pampu kuu inahitaji uangalifu wa pekee. Katika gari la miaka mingi, raba zake zimezoea kutembea sehemu ileile ya silinda, na eneo la mbele zaidi hujaa uchafu na kutu. Anayetoa upepo kwa kukanyaga pedali mpaka sakafuni huzipeleka raba hizo mahali ambapo hazijawahi kufika, zikachanika, na pampu iliyokuwa nzima ikafa siku hiyohiyo. Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike mwisho. Pampu mpya nayo itolewe hewa ikiwa kwenye jiliwa kabla ya kufungwa garini.

Kwenye ngoma za nyuma, kagua virekebishi vya viatu vya breki. Katika magari mengi cha kushoto na cha kulia vina nyuzi zinazokwenda pande tofauti. Vikibadilishana, vinalegeza badala ya kukaza na pedali inaendelea kushuka siku hadi siku. Diski iliyofungwa juu ya kutu iliyoganda kwenye habu, au beringi ya gurudumu iliyolegea, nayo huyumba na kuzirudisha pistoni ndani gari linapotembea.

Jambo linalotusikitisha zaidi ni mafuta yasiyo sahihi. Chombo cha breki kikipungua, wapo wanaoongeza mafuta ya injini au ya usukani kwa kuwa ndiyo yaliyopo. Mafuta ya aina hiyo huvimbisha raba za mfumo wa breki. Mpira wa ndani ya kifuniko ukikutwa umetanuka na haurudi mahali pake, uchafuzi umekwisha kutokea, na raba zote zilizoguswa, pamoja na hozi, zinapaswa kubadilishwa. Tumia mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyoelekeza, na usichanganye na DOT 5 ambayo ni ya silikoni. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu isitumike, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa kwa DOT 3 mpya ni nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji huruhusiwa kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, nao hubanwa kama hewa. Ndiyo sababu gari linaweza kuwa na pedali nzuri mjini, likapoteza breki likiteremka milima mikali ya Kitonga au Sekenke nchini Tanzania, kisha pedali ikarudi baada ya kupoa.

Magari yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge breki inapokanyagwa, yanaweza kubakiza hewa ndani ya kifaa chake, hasa chombo cha mafuta kikiwa kimekauka wakati wa kazi, na hapo mashine ya uchunguzi inahitajika ili kuendesha vali zake. Magari ya haibridi kama Prius na Aqua yana breki zinazoendeshwa na kompyuta, na pampu yake ya umeme inaweza kujiwasha mlango wa dereva unapofunguliwa. Kazi ya kutoa upepo kwenye magari hayo iachiwe fundi mwenye kifaa chake.

Ukiisha kurekebisha, washa injini, kanyaga kwa nguvu na ushikilie kwa dakika moja huku mwenzako akikagua kila ungio kwa tochi na kidole kikavu. Jaribu kusimama mara kadhaa ukiwa ndani ya uwanja, kwa mwendo wa kutembea, kisha pima tena kiwango cha mafuta. Asubuhi ya siku ya pili, kabla ya kuondoka, kanyaga mara moja tu: pedali ikishuka kuliko jana yake, ita gari la kuvuta.