Mwenyeji hashirikishwi kwake

Bango linasema "Mradi wa uhifadhi wa vyanzo vya maji unaoongozwa na wenyeji". Chini yake kuna nembo sita, na hakuna hata moja ya wenyeji. Taarifa kwa vyombo vya habari nayo inarudia maneno hayo kwenye aya ya kwanza, halafu kwenye aya ya pili inatangaza kwamba wenyeji "walishirikishwa kikamilifu". Moja kati ya aya hizo inadanganya.

Maana yenyewe ni fupi. Mradi au mfuko unaongozwa na wenyeji pale ambapo jamii ya asili ya mahali hapo ndiyo inayoamua kifanywe nini, ndiyo inayoshika fedha au kuagiza zitumikeje, na ikisema hapana, kazi inasimama. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, huo ni mradi wa aina nyingine, na aina nyingine si dhambi.

Sasa tuje kwenye sarufi, maana ndiko kosa linakojificha. Mtu hushiriki mwenyewe, kwa hiari na kwa miguu yake. Tia kauli ya kutendesha upate "shirikisha": tayari ameingia mtu wa pili, anayekufanya ushiriki. Tia kauli ya kutendeshwa upate "shirikishwa": umefanywa ushiriki na mtu ambaye sentensi haina hata haja ya kumtaja. Anayeongoza hapiti njia hiyo. Huwezi kuniongoza na papo hapo nikakushirikisha, labda kama wewe ndiye uliyenialika na mimi nimejisahau.

"Mwenyeji" ni mwenye mji. Neno hilohilo tunalitumia kwa mzaliwa wa mahali, kwa anayepokea wageni, na kwa anayezijua njia, ndiyo maana mtu akiulizwa kichochoro asichokijua hujibu, "Samahani, mimi si mwenyeji hapa." Maana zote tatu zina kinyume kimoja tu, nacho ni mgeni. Mfadhili ni mgeni. Shirika lililotoka Nairobi na hema na vipaza sauti ni mgeni. Waandaaji wa hafla ni wageni wenye orodha. Methali tunayoijua sote humtaka mgeni aje ili mwenyeji apone. Haikusema mgeni aje apange viti na kumwonyesha mwenyeji wake mahali pa kukaa.

Kuna mkorogo wa pili, na huu unagharimu fedha. Nchini Kenya, vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji vinatambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016, na vyama vya misitu vya jamii vinatambuliwa na sheria ya misitu ya mwaka huohuo. Ni vyama vizuri, na vingi vinafanya kazi ngumu. Lakini mlango wake ni matumizi: mkulima aliyehamia juzi akanunua pampu anaingia, shule inaingia, hata shamba kubwa la maua linaingia. Jamii ya asili ni kitu kingine. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 63, inahesabu ardhi za mababu na ardhi zilizokaliwa kijadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Ogiek wa msitu wa Mau na Sengwer wa milima ya Cherangani, jamii za asili za msituni, hawadai nafasi kwenye kamati ya watumiaji, wanadai mji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa Ogiek ushindi Mei 2017, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Kwa hiyo ukiandika "wenyeji" huku ukimaanisha chama cha watumiaji maji, umemfuta mtu ambaye mahakama imemwona.

Cherangani inafaa kutazamwa kwa karibu. Mvua inayoanguka upande mmoja wa milima hiyo huingia Nzoia na kuishia Ziwa Victoria. Ile ya upande wa pili huteremkia Kerio na kuishia Turkana. Serikali huita mahali kama hapo mnara wa maji. Umoja wa Ulaya ulitenga euro milioni 31 kwa ajili ya minara ya Elgon na Cherangani. Januari 2018 mtu mmoja wa jamii ya Sengwer alipigwa risasi akafa wakati wa operesheni ya kuwaondoa watu msituni Embobut, na Umoja huo ukasimamisha fedha. Tayari Sengwer walikuwa wamelalamika kwamba mradi ulipangwa bila wao. Mwenyeji asiyepewa nafasi ya kusema hapana kwenye karatasi huilipia msituni.

Kuongoza si heshima tu, kuna utaalamu ndani yake. Kwa Ogiek, ardhi ya ukoo huitwa konoito, na kwa kawaida ni ukanda mwembamba unaopanda kutoka msitu wa chini hadi wa juu, kwa sababu asali haiivi kwa wakati mmoja katika kila mwinuko. Ramani ya mradi inayokata msitu kwa ulalo, huku eneo la kupanda miche na kule eneo la kufunga, inazikata koo zote kwa mkasi mmoja. Mwenyeji angeliona hilo kabla wino haujakauka.

Kwenye mawasiliano na hafla, tofauti hii huonekana kwa vitu vidogo. Tazama kadi ya mwaliko imetiwa sahihi na nani. Tazama tarehe: ikiangukia kwenye masika, Machi hadi Mei, au kwenye uvunaji wa asali, hakuulizwa mtu. Mfawidhi wa hafla akitangaza kwamba wazee "watatumbuiza" kisha mgeni wa heshima "atahutubia", umeshajua mji ni wa nani siku hiyo. Hotuba ya dakika 10 yenye mkalimani inachukua 20, na ratiba isiyohesabu hivyo humla mzungumzaji wa mwisho, ambaye takriban kila mara ni mama wa kijijini.

Picha nazo. Ridhaa isomwe kwa sauti katika lugha ya jamii kabla ya kutiwa sahihi, mtu aweze kuiondoa baadaye, na nakala za picha zibaki kijijini kwenye flashi. Zima alama ya mahali kwenye kamera: picha ya mzinga au chemchemi ya tambiko ikipanda mtandaoni na namba za mahali ilipopigwa, umewachorea wageni wengine njia.

Halafu chakula. Mhasibu hudai risiti ya eTIMS, ile ya mfumo wa kielektroniki wa kodi, mama wa maziwa na asali hana, basi zabuni inakwenda hoteli ya mjini na fedha za "wenyeji" zinapanda gari kurudi zilikotoka. Dawa yake ni ya mapema: kikundi cha jamii kilichosajiliwa chenye PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi, kiwe ndicho mpokeaji, mkataba uruhusu karatasi ya sahihi kwa malipo madogo, na fedha zitangulie. Jamii isiyo na akiba haiwezi kukodi mahema leo ikasubiri kurejeshewa baada ya siku 60. Hapo huitwa isiyo na uwezo, nayo bajeti hurudi kwa msimamizi.

Basi, ndugu mwandishi wa bango. Kama jamii ilisomewa mpango uliokwisha kuandikwa ikaukubali, andika "kwa ridhaa ya Sengwer". Kama iliitwa kwenye warsha tatu, "kwa kushauriana na Sengwer". Kama vijana wake wanalipwa kupanda miche, "kwa kuajiri vijana wa Sengwer". Yote ni Kiswahili safi, na mchapishaji wa mabango hutoza kwa mita, hatozi kwa neno.