Kabla hujamwambia fundi akupigie Windows 11

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja kitengo chetu cha TEHAMA pale chuoni, amebeba kompyuta mpakato yake kwenye mfuko wa shangazi kaja. Shida yake ilikuwa printa ya shule, haionekani kwenye mashine. Ni HP EliteBook 840 G3, zile zinazoingia kwa wingi zikiwa zimeshatumika Ulaya, kioo kizima, kibodi imefutika herufi A. Alitueleza kwa fahari kwamba habari za Windows 10 kusitishwa hazimhusu, kwa sababu fundi alishampigia Windows 11 tangu 2023.

Nikamwomba abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike winver, kisha Enter. Kikafunguka kidirisha kidogo: toleo 22H2, yaani la nusu ya pili ya 2022.

"Mwalimu, hili liliacha kupata masasisho ya usalama Oktoba 2024."

"Kwani hii si Windows 11?"

Ni Windows 11, tena halisi. Ila kila toleo lake la Home na Pro hupewa miezi 24 tu ya masasisho, na toleo jipya hutoka kila mwaka. Kwenye mashine inayokidhi masharti ya Microsoft, linakuja lenyewe. Kwenye mashine iliyolazimishwa kupokea Windows 11 bila kuyakidhi, viraka (masasisho madogo) vya kila mwezi kwa kawaida vinaingia, japo Microsoft haikuahidi, lakini toleo la mwaka haliji. Lazima mtu akae chini alazimishe tena kwa mkono. Mafundi wachache mno humwambia mteja hilo. Baada ya 22H2, toleo la 23H2 nalo lilifikia mwisho 11 Novemba 2025, na la 24H2 mwisho wake ni 13 Oktoba 2026. Kwa hiyo kabla hujasoma zaidi, piga hiyo winver uone umesimama wapi.

Ulazimishaji unatoka wapi? Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na masharti: RAM ya GB 4, diski ya GB 64, Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka), chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. RAM utaongeza. Diski utabadili. TPM mara nyingi imo ndani, imezimwa tu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Kinachokwamisha ni prosesa, maana kwenye mpakato nyingi imechomelewa kwenye ubao mama. Kwa Intel, ukiacha chache, orodha inaanzia kizazi cha 8. Angalia namba baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U cha 8, i5-10210U cha 10. Na usidanganywe na jina la modeli. 840 G5 husifiwa dukani kuwa "inakubali Windows 11", lakini zipo G5 zenye prosesa ya kizazi cha 7. Omba iwashwe, usome mwenyewe.

Windows 10 yenyewe ilisitishwa 14 Oktoba 2025. Haikuzimika, itawaka kesho kama ilivyowaka jana, ila tundu jipya likigunduliwa hakuna wa kuliziba. Mwenye toleo la 22H2 la Windows 10 anaweza kujiandikisha kwenye mpango wa Microsoft wa masasisho ya nyongeza ya usalama unaofika 13 Oktoba 2026: kwa dola 30, au bila kulipa akikubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Kwa mhasibu anayetumia Tally au QuickBooks ya kusakinishwa, programu ambazo zimeandikwa kwa ajili ya Windows, huo ndio ushauri wangu wa kwanza, huku akitafuta taratibu mashine ya kizazi cha 8.

Ukiamua kulazimisha, sitakukataza. Programu ya Rufus inaandaa flashi inayoruka masharti hayo, na inafanya kazi. Ila faili la usakinishaji lichukue kwenye tovuti ya Microsoft, siyo kwenye flashi inayozunguka mtaa mzima. Windows iliyochakachuliwa, yenye kiprogramu cha "kuamsha" kinachokuomba kwanza uzime kinga ya virusi, naiogopa kuliko Windows 10 iliyoachwa bila viraka. Tundu lisilozibwa linamsubiri mwizi alione. Hapa umemfungulia mlango na kumwekea kiti. Na kama mashine ni ya enzi za Core 2 Duo, prosesa ya zamani ya Intel, usihangaike: kuanzia 24H2 Windows 11 haiwaki kabisa, kwa sababu prosesa hiyo inakosa amri ambazo mfumo unazitaka.

Wenye MacBook za Intel wana OpenCore Legacy Patcher, programu ya kulazimisha macOS (mfumo wa Apple) mpya kwenye Mac za zamani, yenye hadithi ileile: inafanya kazi, lakini inapunguza ulinzi wa mfumo, na baada ya sasisho kubwa unarudia kazi. Apple imeshatangaza kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa Intel.

Turudi kwa mwalimu. Tulifungua kifuniko cha chini tukakuta diski ya kuzunguka ya GB 500, ile inayolia krr krr ukifungua Word. Hapo ndipo pesa yake ilipaswa kwenda kwanza. Mashine ya kizazi cha 6 yenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na RAM ya GB 8 ni nyepesi kutumia kuliko mpya ya bei rahisi yenye diski ya kuzunguka, hilo nimeliona mara nyingi kiasi kwamba silibishanii tena. Tukahamisha mafaili yake kwenye diski ya nje, tukahakikisha yanafunguka, ndipo tukagusa kingine.

Kisha tukachomeka flashi ya Linux Mint 22, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, inayohudumiwa hadi 2029 na kuridhika na RAM ya GB 4. Uzuri wake ni kwamba inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, unajaribu kwanza: Wi-Fi, sauti, kamera. Akafungua mitihani yake ndani ya LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word. Jedwali moja lilisogea kidogo, akalirudisha. Mifumo ya serikali anayoingilia kupitia kivinjari haikuona tofauti yoyote.

Akaomba kuipeleka mashine shuleni ajaribu na printa. Printa ikaonekana yenyewe, bila CD wala dereva (programu ya kuiendesha), akachapa mtihani wa kidato cha pili hapohapo. Kisomaji cha alama ya kidole ndicho kilichogoma, na mpaka leo, akiwa na Mint, anaandika nywila.