Je, wajua? Bwawa la tope likiongezwa kina, tope linalonaswa haliongezeki

Mgodi wa shaba wa Kilembe, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, ulianza uzalishaji mwaka 1956 na kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uliacha mamilioni ya tani za mawe yaliyosagwa kando ya mto Nyamwamba, unaoteremka kutoka milima ya Rwenzori, ukapita mjini Kasese na kuishia Ziwa George. Mto ukifurika, kama Mei 2013 na tena Mei 2020, mabaki hayo husombwa. Anayetaka kutengeneza upya eneo la namna hii ana kazi moja kubwa: maji yatoke, tope libaki. Huchimbwa mitaro, na mwisho wa mitaro huwekwa bwawa la kutulizia tope.

Sasa uliza swali rahisi: maji yanayotoka bwawani bado ni machafu, tufanye nini? Karibu kila mtu atakwambia, lichimbeni zaidi. Hoja yake si ya kijinga. Bwawa la kina kirefu hubeba maji mengi, maji hukaa humo muda mrefu, na tope hupata nafasi ya kutua. Kila kipande cha hoja hiyo ni kweli, ila hitimisho ndilo bovu. Mhandisi Mmarekani Allen Hazen alieleza sababu mwaka 1904, na hadi leo wachimbaji wa mabwawa hulipia dizeli ya ekskaveta ili kwenda chini, mahali pasipo na faida waliyoitarajia.

Chukulia kivuko chenye ghorofa, na abiria aliye juu kabisa. Anashuka ngazi kwa mwendo wake uleule, hana haraka wala hachelewi, na lazima afike sakafu ya chini kabla kivuko hakijagusa ng'ambo. Akifika, amebaki, asipofika, anatoka na wengine. Sasa kiongezee kivuko ghorofa hadi ziwe mara mbili, nacho kwa uzito huo kiende nusu ya mwendo wa awali. Abiria amepewa muda mara mbili, lakini ngazi nazo ni mara mbili. Hajapata kitu. Abiria huyo ni punje ya tope.

Tuweke namba. Mtaro unaleta lita 100 kwa sekunde katika bwawa la mita 40 kwa 25, kina mita 1. Maji hukaa sekunde 10,000, karibu saa tatu, kwa hiyo punje iliyoingilia juu ikizama milimita 0.1 kwa sekunde itagusa chini kwenye ukingo wa kutokea. Kina kikiwa mita 2, maji hukaa sekunde 20,000, na punje ileile ina mita 2 za kuzama. Matokeo ni yaleyale. Kina kimejifuta chenyewe kwenye hesabu. Kilichobaki ni eneo la uso wa maji. Panua bwawa, acha kina kilivyo, hapo ndipo punje ndogo zaidi zinanaswa.

Kina hakikosi kazi, lakini. Tope lililotua linahitaji pa kukaa, na bwawa lililojaa hadi karibu na uso huacha mkondo ukwangue tena ulichokiweka. Hesabu ya Hazen pia inadhani maji yametulia na yanasambaa sawasawa. Bwawa halisi haliko hivyo: bomba likiingizia kona moja na kutolea kona ya karibu, mkondo hukata njia ya mkato na nusu ya bwawa hulala bure. Ndiyo maana maji hutolewa juu ya ukingo mpana uliosawazishwa, si kwa bomba moja.

Halafu kuna udongo wa mfinyanzi. Tikisa konzi ya udongo wa mtoni ndani ya chupa ya maji, uiweke mezani: mchanga unatua kabla hujakaa vizuri, na kesho yake maji ya juu bado ni rangi ya chai ya maziwa. Punje ya mchanga mwembamba ya milimita 0.1 huzama mita moja kwa dakika mbili hivi. Ya mfinyanzi ya milimita 0.002 huchukua siku tatu. Bwawa letu linanasa kikamilifu hadi punje za milimita 0.01. Ili linase na hizo za mfinyanzi, lingehitaji uso mara 28, karibu hekta tatu, na bonde jembamba la mlimani litazitoa wapi? Hapo hutiwa dawa ya kugandisha punje ziwe mabonge, na hata mbegu za mlonge zilizosagwa hufanya kazi hiyo.

Shaba iliyokwisha kuyeyuka ni kesi nyingine kabisa, maana haina punje ya kuzama. Mawe yenye salfaidi, yaani madini yaliyoungana na salfa, yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, asidi huyeyusha shaba, na mchanganyiko huo hupita bwawa lolote la kutuliza hata ukiona maji meupe. Kwa hiyo mtaro wa kwanza kuchimbwa huwa mlimani, upande wa juu wa rundo la mabaki, ukikinga mvua ya mlimani na kuipitisha kando kabla haijaligusa.