Kadi ya mzee haitibu, jamani

Juzi tena, kwenye daladala ya Mbalizi, kijana mmoja anamwelekeza mama wa watu kwa uhakika kabisa: "Mama si umeshafika sitini? Wewe kila kitu bure, serikali inalipia, wakikudai hela nenda kwa diwani." Nilitaka ninyamaze, nimetoka kazini nimechoka, lakini maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno mwaka huu, mikutano ya vijiji nimeyasikia, kikao cha madiwani nimeyasikia, na ndani yake mna makosa matatu. Kwa hiyo leo nayaandika, nisije nikarudia tena kuongea peke yangu kwenye gari.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri mojawapo huku mkoani Mbeya. Orodha za wazee wa msamaha wa matibabu zinapita mezani kwangu kabla hazijawa kadi.

Kosa la kwanza nalimaliza haraka. Sera ya Afya ya 2007 haijasema wazee wote. Imesema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na hayo maneno matatu ya mwisho ndo kazi yangu yote. Watoto chini ya miaka 5 na wajawazito hawaulizwi kama wana uwezo. Mzee anaulizwa. Mwalimu mstaafu mwenye bima yake ana umri lakini msamaha haumhusu.

La pili ni hilo la "serikali inalipia", na ndo linaloniuma. Watu wengi, na wasomi wamo, wanaamini kuna mfuko sehemu fulani, Dodoma labda, kwamba bibi akitibiwa zahanati ya kijijini bili yake inapelekwa huko inalipwa. Hakuna kitu kama hicho. Zahanati inaishi kwa hela za papo kwa papo, hela za bima, mgao wa dawa kule Bohari ya Dawa, na hela ya mfuko wa pamoja, ule unaochangiwa na wafadhili, ambayo toka mwaka wa fedha 2017/18 inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo bila kupitia halmashauri. Basi. Mzee wa msamaha anatibiwa humo humo, na akishatibiwa hakuna anayekirudishia kituo hata senti, na mgao wa robo ijayo hauongezeki kwa sababu kijiji chako kimetoa kadi nyingi.

Sasa fikiria zahanati mbili. Moja iko kando ya barabara kuu, kuna soko la viazi, kuna madereva, wapakizi, mama ntilie, watu wanaumwa wanalipa. Ya pili iko juu huko milima ya Uporoto, vijana wameshuka wote wako Mwanjelwa, Tunduma, Dar, waliobaki ni wazee na wajukuu. Hiyo ya juu ndo yenye kadi nyingi za msamaha, na ndo isiyo na watu wa kulipa dirishani. Kwa hiyo kadri tunavyotambua wazee wengi bila kuongeza kitu upande wa dawa, ndivyo zahanati yenye wazee wengi inavyozidi kukauka, na anayekosa dawa wa kwanza ni yule yule mzee tuliyemwandikia kadi.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, baridi ile ya kuuma masikio, nilikaa benchi moja na bibi mmoja kwenye zahanati ya namna hiyo. Alifungua pindo la khanga akatoa kifuko cha nailoni, ndani mna kadi imeshaanza kupinda kona, picha inafutika upande wa kidevu. Akaenda dirisha la dawa. Kijana wa dawa alimjibu kwa heshima zote, sina neno naye: "Shikamoo bibi. Hizi za presha ni OS, zimeisha bibi, tumeagiza hazijafika, naomba kanunue pale duka la dawa." Akampa kikaratasi. Bibi akageuka kwangu akaniuliza polepole, "Mwanangu, si ulituambia bure?"

Ni kweli niliwaambia. Kadi ile nilimkabidhi mimi kwa mikono yangu, kwenye hafla, kulikuwa na mgeni rasmi na picha zilipigwa. Akakunja kikaratasi akakiweka kwenye kifuko pamoja na kadi, akachukua fimbo yake ya mwanzi akaanza kupanda mlima. Mwezi uliofuata mhudumu wa afya ngazi ya jamii alipopita kwake alikikuta kikaratasi kile kile, hakijapelekwa duka lolote.

La tatu sasa, "nenda kwa diwani". Diwani hana dawa, na hana mamlaka ya kumwamrisha mganga mfawidhi ampe mtu dawa ambayo haipo kwenye shelfu. Ukimpigia simu usiku atakachofanya ni kukutumia hela ya mfukoni kwake kama ana huruma, na hapo tatizo la mmoja limeisha, la wengine liko pale pale. Kazi ya baraza ni kuuliza. Madiwani wanamuuliza mkurugenzi, mkurugenzi anamuuliza mganga mkuu na sisi wa ustawi, na jibu linaandikwa kwenye muhtasari, robo ijayo linafuatiliwa. Hiyo ndo nguvu yao na ni kubwa sana kama swali ni lenyewe.

Shida ni kwamba swali linalokuja ni "kadi ngapi zimetolewa". Tunajibu, mimi ndo ninayeandika hiyo taarifa, wazee waliotambuliwa hawa, waliopata kadi hawa, asilimia imepanda, kamati inapongeza, wanaingia kwenye barabara na madarasa. Hakuna hata siku moja nimeulizwa kwenye kikao kwamba kati ya wazee waliofika kituoni na kadi robo hii, ni wangapi walitoka na dawa zote walizoandikiwa na ni wangapi walitoka na karatasi ya duka la dawa. Na hilo linahesabika! Kila kituo kinatakiwa kuwa na daftari la misamaha, na dirisha la dawa lina rejista yake, unakaa na madaftari mawili na kalamu asubuhi moja unapata jibu. Mara mbili nimeiweka hiyo safu kwenye taarifa, mara mbili imeondolewa kabla haijafika kikaoni, nikaambiwa itazua maswali. Si ndo maana ya kikao?

Halafu kuna kamati ambayo watu hawaijui kabisa, wanaruka kutoka zahanati moja kwa moja mpaka kwa diwani. Kamati ya usimamizi wa zahanati. Wamo wananchi wa hapo hapo, na ndo inayotakiwa kupitisha mpango wa kituo na matumizi yake, pamoja na oda ya dawa. Nyingi, niseme ukweli, zinaitwa kusaini tu. Lakini kuna moja nimeiona kwa macho, mwenyekiti ni mama mshona nguo, alikataa kusaini bajeti mpaka mganga mfawidhi aje na rejista. Wakahesabu wazee wa presha na kisukari wanaorudi kila mwezi, kwa majina, maana wote wanajuana. Wakakuta oda inafanywa kwa mazoea, dawa za malaria nyingi kule juu kwenye baridi, za presha kidogo. Hela iliyopangwa kupaka rangi ukuta ikahamishwa, kilichokosekana Bohari ya Dawa wakanunua kwa mshitiri, yule muuza dawa aliyeidhinishwa kuuzia vituo Bohari ikikosa, kwa utaratibu. Wazee wa pale kwa miezi kadhaa niliyofuatilia walikuwa wanapata dawa. Hakuna diwani aliyepigiwa simu.

Na mimi nina langu linalonisumbua, silisemi semina. Hilo zoezi la kutambua nani hana uwezo. Mwongozo unaonekana safi kwenye karatasi, jina linaanzia kitongojini, linasomwa kwenye mkutano wa kijiji, linapanda kata, linakuja kwangu. Sasa njoo mkutanoni. Mzee ana ekari mbili za viazi lakini mgongo hauinuki, analimisha kwa nusu ya mavuno, ana uwezo? Ana watoto watatu Dar, hawapigi hata simu, ana uwezo? Niliwahi kukata jina la mzee mmoja kwa sababu ya nyumba ya bati na ng'ombe wawili. Ng'ombe walikuwa wa mkwewe, nimekuja kujua baada ya mwaka mzima. Kuna siku nawaza muda na posho tunayotumia kuwachuja ingetosha kuwatibu wote, na kuna siku nawaza tukifungulia wote zahanati ya juu itafunga kabisa. Sijafika mwisho wa hayo mawazo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo, hapo angalau kutakuwa na mlipaji. Ila jina bado litatoka kule kule kitongojini, na likikosewa huko, bima nayo itakosea.

Kwa hiyo wewe kijana wa daladala, na wewe unayesoma uko mjini na mama yako yuko kijijini, usimwambie aende kwa diwani na kadi mkononi. Mpigie mwenyekiti wa kitongoji uulize orodha inasomwa lini. Uliza wajumbe wa kamati ya zahanati ni akina nani, mara ya mwisho walikaa lini, na dawa anayotumia mama imo kwenye oda au haimo. Huku kwetu mikutano mingi inaanza saa nane watu wakishatoka shamba. Na kama mama yako ni wa kutambuliwa, mwambie akae mbele, majina yanasomwa haraka sana.