Sakafu ya ghorofa: dhana potofu kuhusu unene wa slabu (bamba la zege la sakafu) na nondo zake

"Slabu ni sentimita 15, basi."

Jijini Dar es Salaam, kuanzia Sinza hadi Mbezi, kipimo hiki kimekuwa desturi, na kwa vyumba vingi kinatosha. Lakini kinachoamua unene ni umbali kati ya bimu na bimu, yaani mihimili ya zege inayoibeba slabu. Slabu ya sentimita 15 yenye nondo za milimita 12, zilizofunikwa na zege la milimita 25, ina kina kinachofanya kazi cha milimita 119 tu, kutoka katikati ya nondo hadi uso wa juu. Ikiwa imepita juu ya bimu kadhaa mfululizo, nafasi ya mita 3.6 haiisumbui. Sebule ya mita 5 inayobebwa pande mbili tu ni habari nyingine: slabu itabonyea katikati na vigae vitapasuka. Hapo panahitajika kama sentimita 22, au bimu ya kuigawa nafasi hiyo.

"Ukiwa na shaka, ongeza unene."

Sentimita 5 za ziada huongeza kilo 125 hivi kwa kila mita ya mraba. Watu na samani katika nyumba ya kuishi hukadiriwa kilo 150. Yaani umekaribia kuzipa bimu, nguzo na msingi familia ya pili ya kubeba, ilhali hazikupigiwa hesabu hiyo.

"Nondo kuu zifuate upande mrefu."

Mzigo hupita njia fupi. Chumba cha mita 3 kwa 7, karibu wote unavuka zile mita 3. Nondo za upande mfupi ndizo zilale chini kabisa, za upande mrefu zipande juu yake.

"Nondo nene ndiyo nguvu."

Milimita 10 kila sentimita 15 na milimita 16 kila sentimita 40 zinakaribiana kwa kiasi cha chuma. Tofauti ni nyufa: nafasi pana huacha nyufa chache lakini pana, na upepo wa chumvi wa Kigamboni au Msasani hupenya humo. Kwa sehemu zinazopigwa na upepo huo, funika nondo kwa milimita 40, si 25, na uziinue kwa biskuti za zege, yaani vibonge vidogo vinavyowekwa chini ya nondo. Vipande vya mbao au kokoto havifai.

"Nondo hukaa chini siku zote."

Kosa hili ndilo la hatari kuliko yote. Balkoni inayoning'inia, yaani isiyo na nguzo nchani, zege lake la juu huvutika na la chini hubanwa, kwa hiyo nondo zake kuu ni za juu, nazo ziingie ndani ya slabu ya nyumba angalau mara moja na nusu ya urefu wa balkoni. Juu ya bimu za ndani pia huhitajika nondo za juu.

Hata zikisukwa vizuri, siku ya kumwaga zege wabeba ndoo huzikanyaga. Nondo iliyopaswa kuwa milimita 120 kutoka chini ikishuka hadi 60, nusu ya uwezo imepotea, na zege likishamwagwa hakuna anayeona. Weka vigoda vya nondo (vipande vya nondo vilivyokunjwa ili kushikilia zile za juu) kila mita moja au pungufu, tandika mbao za kupitia, na mtu mmoja ashike futi akipima kabla zege halijafika.

Mirunda ya balkoni, yaani miti inayoishikilia hadi zege likomae, iwe ya mwisho kuondolewa, ukianzia nchani kuelekea ukutani.