Je, wajua kwa nini jeshi la ukombozi la Afrika Kusini liliishi Kongwa?

Kuanzia 1964, kijana wa Afrika Kusini aliyetoka kufunzwa bunduki na baruti katika Urusi ya Kisovieti, huku akili yake yote ikiwa kwenye kurudi nyumbani kupambana na makaburu, alijikuta akishushwa Kongwa, mkoani Dodoma. Ugogoni! Nchi kavu ya mtama, uwele na ng'ombe, karibu kilomita 2,000 kutoka Mto Limpopo, ulio mpaka wa nchi yake. Kwa nini mbali kiasi hicho?

Tazama ramani ya wakati ule. Msumbiji na Angola zilikuwa za Mreno. Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, ilishikwa na walowezi. Namibia ilikuwa mikononi mwa makaburu wenyewe. Bechuanaland (Botswana ya leo), Basutoland (Lesotho ya leo) na Swaziland (Eswatini ya leo) zilikuwa chini ya Mwingereza, ambaye hakutaka ugomvi na Pretoria, yaani serikali ya makaburu. Zambia nayo haikupata uhuru hadi Oktoba 1964. Ukitoka kusini, nchi huru ya kwanza iliyokuwa tayari kuubeba mzigo ule ilikuwa Tanganyika, na ndiyo maana Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika), iliyoundwa 1963, iliwekwa Dar es Salaam.

Kufika huko kulikuwa shughuli. Njia iliyotumika sana ilipitia Bechuanaland: mtu anavuka mpaka kwa siri, anajikusanya na wenzake Francistown, kisha anaelekea Kazungula kuvuka Zambezi kwa pantoni. Wenye bahati walipata ndege, ingawa nayo haikuwa salama. Agosti 1963, Arthur Goldreich na Harold Wolpe, wapinzani wa makaburu waliotoroka mahabusu Johannesburg, walifika Francistown wakingoja ndege ya kuwapeleka Tanganyika. Ndege hiyo ililipuliwa ikiwa uwanjani kabla hawajaipanda.

Jeshi lenyewe, Umkhonto we Sizwe, yaani Mkuki wa Taifa, wengi wakiliita MK tu, lilikuwa bado changa. ANC, chama cha ukombozi ambacho MK lilikuwa jeshi lake, ilipigania haki bila silaha tangu 1912. Halafu tarehe 21 Machi 1960 polisi waliua watu 69 Sharpeville waliokuwa wakiandamana kupinga sheria za pasi, yaani vitambulisho ambavyo Mwafrika alilazimishwa kutembea navyo, na wiki chache baadaye ANC ikapigwa marufuku. Mabomu ya kwanza ya MK yalilipuka 16 Desemba 1961, siku ambayo makaburu walikuwa wakiadhimisha ushindi wao dhidi ya Wazulu wa mwaka 1838. Waliochagua tarehe hiyo walijua wanachokifanya. La ajabu ni kwamba siku sita tu kabla yake, rais wa ANC, Albert Luthuli, alikuwa Oslo akipokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Viongozi wa MK waliokuwa ndani ya nchi hawakudumu: Mandela alikamatwa Agosti 1962, na wenzake wengi wakanaswa katika shamba la Liliesleaf, Rivonia, Julai 1963. Waliobaki na nguvu ya kuendesha vita walikuwa uhamishoni.

Basi Kongwa. Mwingereza alikuwa ameacha huko mabaki ya mradi wake mkubwa wa karanga, ulioanza 1947 na kufa ndani ya miaka michache, na kambi ikaanzia kwenye mabaki hayo. ANC hawakuwa peke yao: majirani zao walikuwa FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola, kila chama na eneo lake. FRELIMO walikuwa na mpaka jirani wa kuvuka kwenda vitani. Waafrika Kusini hawakuwa nao. Waliamka, wakafanya mazoezi, wakalima, wakangoja. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine. Wengine walipata wapenzi vijijini na watoto wakazaliwa, na hiyo ni sehemu ya historia hii ambayo naona haijaandikwa vya kutosha.

Kungoja huko kuliwachosha kuliko vita. Mwaka 1967 kikosi kilichopewa jina la Luthuli kilivuka Zambezi pamoja na wapiganaji wa ZAPU, kikikusudia kupita mbuga ya Wankie hadi nyumbani. Walipambana kweli na askari wa Rhodesia, lakini Afrika Kusini hawakufika. Baadhi yao, akiwemo Chris Hani, walirudi nyuma hadi Botswana wakafungwa huko. Alipotoka, Hani na wenzake waliandika waraka mkali wakiwatuhumu viongozi kwa kuwasahau wapiganaji. Waraka huo ulichangia kuitishwa kwa mkutano wa ANC wa Morogoro wa Aprili 1969. Mwaka huohuo serikali ya Tanzania, katika hofu ya njama za mapinduzi, iliwataka wapiganaji wa MK waondoke, na wengi wakarudishwa Urusi ya Kisovieti. Ukarimu wetu ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa na mipaka.

Kilichobadilisha mambo ni kuanguka kwa Mreno. Msumbiji na Angola zilipata uhuru 1975, na mwaka uliofuata maandamano ya wanafunzi wa Soweto yakasukuma maelfu ya vijana nje ya nchi. Sasa walifunzwa Angola na kuingia nyumbani kupitia Msumbiji na Swaziland. Mmoja wao, Solomon Mahlangu, alinyongwa Aprili 1979 akiwa na miaka 22, na shule ya ANC pale Mazimbu, Morogoro, ikapewa jina lake. Juni 1980 MK walichoma matangi ya mafuta ya kampuni ya Sasol, moto ulioonekana mbali sana. Pretoria ikajibu kwa kuwabana majirani, na mwaka 1984 Msumbiji ikalazimika kutia saini na Afrika Kusini mkataba wa Nkomati, na kuwafukuza wapiganaji wa MK.

ANC ilisitisha mapambano ya silaha tarehe 6 Agosti 1990. Miaka minne baadaye wapiganaji wake waliingizwa katika jeshi jipya la taifa, na waziri wa ulinzi akawa Joe Modise, aliyeiongoza MK tangu enzi za Kongwa.